Kuvuka feri kufuata herufi tatu

Daftari la shangazi yangu ni lile la watoto wa shule, la kurasa 48, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Amelivika nailoni ya mkate lisirowe, kwa sababu hulibana kwapani akivuka feri, na mvua ya masika haimjui mgonjwa wala mzima. Humo ndimo ilimo presha yake yote. Ukurasa wa kwanza umejaa hadi pembeni: kichwa kilianza kumuuma lini, babake alikufa na nini, figo zimepimwa, mkojo umepimwa, anakula chumvi kiasi gani. Ukurasa wa pili una maneno machache. Wa tatu machache zaidi. Kuanzia wa nne hadi wa kumi na saba, kila siku ya kliniki imepewa mistari miwili tu: tarehe, namba za presha, kisha herufi tatu, CST. Chini yake TCA na tarehe nyingine.

Aliyefanya kazi hospitalini hapa Kenya haelezwi. CST ni kwamba mgonjwa aendelee na dawa zilezile. TCA ni kwamba arudi. Shangazi hajui kirefu chake na hajawahi kuuliza, ila amezizoea kama mtu anavyouzoea mwandiko wa mumewe. Akizikuta, huguna: "Haya, ni zilezile."

Nimezihesabu. CST kumi na nne, moja kila mwezi, bila kidonge kubadilika.

Sasa tazama kila CST inavyopatikana. Anaishi Mtongwe, Mombasa. Siku ya kliniki hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, apande matatu hadi feri, avuke bure kama wavukavyo wote waendao kwa miguu, kisha ng'ambo atafute tuktuk. Hospitalini hupewa namba, hutafutiwa faili, hupimwa presha akiwa bado anahema, na mara nyingine huambiwa imepanda, kama kwamba mtu aliyekimbilia feri angepimwa ikashuka. Saa nne humwona daktari. Dakika mbili, tatu akibahatika. Saa sita hufika dirisha la dawa. Za kwake ni tatu. Moja ipo. Mbili ataambiwa lile neno analolijua kila mwenye mzazi mgonjwa mji huu: "Hakuna, nunua nje."

Shangazi huuza mahamri na mbaazi. Siku ya kliniki unga haukandwi. Hasara hiyo haimo daftarini.

Hospitali yenyewe siitaji, kwa sababu ningeweza kuibadilisha na nyingine na kisa kikabaki vilevile. Tatizo si daktari yule. Tatizo ni kwamba tumechukua mambo mawili yasiyofanana, kuonana na daktari na kuongezewa dawa, tukayafunga kamba moja. Presha ni maradhi ya miaka. Dawa zake hazibadiliki kila mwezi, na hazitakiwi kubadilika kila mwezi. Lakini mgonjwa hupokelewa kila mwezi kana kwamba ameugua jana. Matokeo yake foleni ya kliniki imejaa watu ambao hawakuja kutibiwa, wamekuja kutiliwa sahihi, na yule mmoja aliyekuja na jambo kweli hupewa zile dakika mbili za wenziwe.

Wala si watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta presha ya juu kwa takriban robo ya watu wazima Kenya. Weka na sukari juu yake. Chukua nyumba yoyote ya Swahili ya Majengo yenye ukumbi na vyumba sita, hesabu wazee waliomo, utajua foleni inatoka wapi.

Najua jibu nitakalopewa nikisema mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Nimeshapewa, na mtu ninayemheshimu, tabibu mstaafu ambaye amekaa kwenye kile kiti miaka mingi. Aliniambia, "Mwanangu, ukimpa mtu dawa za miezi mitatu, utamwona tena akiwa amepooza upande. Kila mwezi angalau nampima."

Hoja hiyo ina uzito na siwezi kuirusha tu. Kwa hivyo nitaijibu kwa kisa cha jirani.

Jirani yetu mmoja tunayemwita Ami, dereva mstaafu wa malori ya bandarini, alianzishiwa enalapril, dawa ya presha. Ni dawa nzuri na ya bei nafuu, ila kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu, cha kukwaruza, kisichotoa kitu, ambacho huisha dawa ikibadilishwa. Jambo hili limeandikwa kwenye kila kitabu cha dawa. Ami akaanza kukohoa. Kliniki akaandikiwa CST. Akaenda kwa kemisti, akauziwa dawa ya kikohozi ya chupa. Mwezi uliofuata, CST, na chupa nyingine. Msikitini watu wakaanza kusogea pembeni. Akapelekwa kupimwa kifua kikuu, hana. Akanunuliwa asali na tangawizi, akanunuliwa na vitu vya sokoni Mwembe Tayari ambavyo hadi leo sijui ni mizizi ya nini. Miezi mitano! Aliyekuja kugundua ni muuguzi mgeni aliyemuuliza swali moja tu: kikohozi kilianza kabla ya hizi dawa au baada yake?

Katika miezi mitano hiyo Ami alimwona daktari mara tano. Alipimwa mara tano. Hakukosa kliniki hata moja. Basi tusidanganyane kwamba kufika kila mwezi ni sawa na kuangaliwa kila mwezi. Mtu mwenye wagonjwa themanini mbele yake asubuhi moja hana nafasi ya kuuliza swali la kikohozi. Ataangalia namba mbili, ataandika herufi tatu, atasema "next". Afadhali safari mbili kwa mwaka ambazo mtu anakaa kitini, anavuliwa viatu miguu itazamwe, anaulizwa analala vipi, figo zinapimwa, kuliko safari kumi na mbili za mwandiko.

Na kuhusu kupima: Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, na kwenye mikoba waliyopewa mna mashine ya presha na kipimo cha sukari. Wako mtaani. Wa kwetu namjua, mama mmoja wa makamo, mkoba wake wa kijani hauachi. Ikiwa haja ni namba mbili za presha, namba hizo zinapatikana barazani kwa shangazi, baada ya mahamri kwisha, akiwa ameketi na moyo umetulia, na zitakuwa za kweli zaidi kuliko za mtu aliyeshuka feri sasa hivi.

Kuna jambo jingine huwa linaniudhi, na naomba nieleweke vizuri, sina wivu na mgonjwa yeyote. Katika hospitali hizihizi, ng'ambo ya ukumbi uleule, yuko mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Kama hali yake imetulia, hufungiwa dawa za miezi mitatu, wengine hadi sita, akaenda zake. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2016 ndio ulioweka wazi kwamba asiye na tatizo asisumbuliwe kila mwezi. Walioupanga walijiuliza swali la busara: nani anatuhitaji leo, na nani anahitaji dawa zake tu? Wakawatenganisha. Hivyo haiwezi kusemwa kwamba jambo hili haliwezekani Kenya, ni geni, au wagonjwa wetu hawaaminiki na vidonge vingi. Limefanyika, tena kwa dawa ambazo kuzikosa ni hatari kubwa.

Kwa nini basi presha iachwe nje? Jibu fupi ni pesa. Dawa zile zilikuwa na wafadhili, na mwenye kufadhili huhesabu: vidonge vingapi vimetoka, watu wangapi wamerudi. Dawa za presha hununuliwa na kaunti kutoka KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, na kaunti ikiwa na deni, shehena huchelewa. Mtoa dawa aliye dirishani anajua ana makopo mawili ya amlodipine ya kumfikisha mwisho wa mwezi. Ukimwambia ampe mtu mmoja vidonge tisini, ataona unamnyang'anya mwingine sitini.

Lakini hesabu hiyo ina kosa, na ni kosa la kawaida hata madukani. Wagonjwa mia tatu wanaochukua vidonge thelathini kila mwezi hutumia vidonge elfu tisa kwa mwezi. Wagawe makundi matatu, kila mwezi kundi moja la watu mia lichukue vidonge tisini. Ni elfu tisa vilevile. Kilichobadilika ni foleni: badala ya mia tatu wamekuwa mia. Ugumu uko mwanzoni tu, wakati wa kuwapanga, na mwenye duka la jumla pale Marikiti angeupanga kwa kalamu na kipande cha boksi.

Pana ambao hawaingii kwenye mpango huu, na wasilazimishwe. Mwenye kudunga insulini si sawa na mwenye kumeza vidonge. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na iliyofunguliwa hukaa nje ya friji takriban wiki nne, ikiwa joto halizidi mno. Mwezi wa tatu Mombasa, chumba cha mabati Kisauni, joto litazidi. Watu hufukia chupa karibu na mtungi wa maji, na bara mtungi husaidia sana, ila hapa pwani hewa imejaa unyevu na mtungi haupoi vile tunavyojidanganya. Mtu kama huyo kumpa chupa za miezi mitatu ni kumpa hasara. Vivyo hivyo aliyeanzishiwa dawa juzi, mjamzito, na mwenye presha inayoruka kama samaki. Hao warudi, tena wapate nafasi zaidi, ambayo itapatikana shangazi akibaki Mtongwe.

Sasa tuje kwa kemisti, kwa sababu tukiacha maneno ya ofisini, yeye ndiye mwenye mpango wa kurudia dawa mji huu. Yeye na simu yake.

Wa shangazi yuko karibu na stendi. Cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu kimening'inia ukutani, feni inazunguka polepole, na chini ya kioo cha meza amepanga picha za watoto wake. Anamjua shangazi kwa sauti. Akipiga simu na kusema, "Mwanangu, vyeupe vimeniishia," anajua vyeupe ni vipi. Wengine humtumia picha ya bahasha ya kaki kwa WhatsApp, hulipa kwa M-Pesa, na kijana wa bodaboda hushusha dawa mlangoni. Hakuna karatasi. Mgomo wa madaktari uliokwisha Machi 2017 ulichukua siku 100. Ule wa 2024 ulianza katikati ya Machi ukaisha Mei 8, na Ramadhani iliyokuwa imeshaingia ikatoka mgomo ungali unaendelea. Miezi hiyo wazee wa mji huu hawakuwekwa hai na kliniki. Waliwekwa hai na kemisti waliofumba jicho.

Kwa hivyo sitakuwa mtu wa kusimama hapa niwahubirie kemisti. Lakini nimeona pia mkasi.

Mkasi ni hivi. Mzee huingia na noti ya mia. "Nipe ya mia." Kemisti huchukua karatasi ya vidonge kumi, huikata katikati, humpa vinne au vitano. Jina la dawa limebaki kwenye kipande cha dukani. Tarehe ya kuharibika nayo imebaki huko. Mzee ameondoka na vidonge visivyo na jina, na kwa kuwa ni vya mia, atavipunguza: leo kimoja, kesho apumzike, kesho kutwa kimoja akihisi kichwa kizito. Ukimuuliza kama anatumia dawa, atakwambia ndiyo, na hasemi uongo.

Na nimeona makubwa zaidi, kwenye mkeka wa shangazi mwenyewe.

Miguu yake ilianza kuvimba mwaka jana. Viatu vikakataa. Yeye akasema ni figo, binamu yangu akasema ni chumvi ya papa, mimi nikaogopa moyo. Jumapili moja nikamwomba alete dawa zote, nikazipanga kwenye mkeka, boksi kwa boksi. Kulikuwa na boksi jeupe alilopewa dirishani hospitali, na boksi la buluu alilonunua nje mwezi ambao dirishani hakukuwa na kitu. Majina makubwa yalikuwa mbalimbali kabisa, kila kiwanda na lake. Chini yake, kwa herufi ndogo za kumtesa mtu wa miaka sitini na tisa, yote mawili yalikuwa amlodipine, miligramu 10. Alikuwa anameza cheupe asubuhi na cha buluu usiku. Miligramu 20 kwa siku, wakati kiwango cha juu kabisa ni 10. Na amlodipine ikizidi, jambo la kwanza kuonekana ni vifundo vya miguu kujaa.

Nani alikosea hapo? Dirisha lilitoa dawa sahihi. Kemisti aliuza dawa sahihi. Daktari aliandika CST, na CST haina jina la dawa ndani yake! Hilo ndilo linalonikera kuhusu herufi zile: haziorodheshi kitu. "Zilezile" zipi? Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari, na mtu pekee aliyekuwa na vipande vyote ni mama muuza mahamri asiyesoma herufi ndogo.

Ukitaka kuona namna jambo hili linavyofungwa mahali pengine, nina binamu yuko Leicester. Yeye naye ana presha, ni ya ukoo. Kule daktari wake wa mtaa huidhinisha orodha ya dawa za kudumu mara moja, kisha yeye huziagiza kila zikikaribia kwisha, nazo hupelekwa kwa mtandao kwenye duka la dawa alilochagua. Kwa walio tulivu daktari anaweza kuidhinisha hadi miezi kumi na miwili kwa mkupuo, na mwuza dawa akatoa kidogo kidogo bila mgonjwa kurudi kuomba. England hulipa pauni 9.90 kwa kila dawa, ila aliyefika miaka 60 halipi, na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hakuna anayelipa. Binamu hulalamika kama kawaida ya watu wa kule: mara dawa hazijafika dukani, mara simu ya kliniki haipokewi.

Tukisikia hivyo huwa tunasema, wenzetu wana kompyuta. Lakini kabla ya simu, walikuwa na karatasi ya kijani yenye kipande cha pembeni cha kuchana, kimeorodheshwa dawa zote za mgonjwa, na kila dawa ina kisanduku. Ulitia alama unazotaka, ukakitumbukiza kwenye sanduku la kliniki, ukarudi baada ya siku mbili. Karatasi, kalamu, sanduku la mbao. Hakuna hata kimoja kinachoshinda Likoni. Kilicho muhimu ni uamuzi uliomo ndani yake: kwamba sahihi ya daktari ina umri wa zaidi ya siku thelathini, na kwamba orodha ni moja, ina majina, na mwuza dawa anaiona.

Tena sheria yetu haikatazi. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ambayo tunayo tangu 1957, inasema karatasi ya dawa haitolewi dawa zaidi ya mara moja isipokuwa mwandishi wake ameelekeza juu yake irudiwe mara ngapi, au kila baada ya muda gani. Soma tena hapo mwisho. Mlango umo ndani ya sheria yenyewe. Daktari anachotakiwa kuandika ni jina la dawa, kiwango, na maneno kama "irudiwe mara mbili, kila siku 30." Kemisti hugonga muhuri na tarehe nyuma kila anapotoa. Akimaliza, karatasi imekufa, mgonjwa arudi. Hapo kemisti wa shangazi hafumbi tena jicho, anafuata agizo. Na siku akiona presha imepanda au vifundo vimejaa, ana jina la mtu wa kumpigia.

Madaktari niliowauliza hawakuwa na kinyongo na jambo hilo. Mmoja alisema hajawahi kuandika hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba. Mwingine alisema anaogopa mgonjwa akiuzia majirani. Wa tatu, kijana, alisema kweli tupu: idadi ya wagonjwa waliofika ndiyo inayoandikwa kwenye ripoti ya mwezi, na kliniki yenye watu wachache huonekana haifanyi kazi.

Pana na suala la SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024. Mfuko wa huduma za msingi unakusudiwa kulipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya, bila mgonjwa kutoa kitu. Ni wazo zuri, na kama zahanati iliyo karibu na shangazi ingekuwa na dawa zake zote tatu, nisingeandika makala hii. Lakini malipo hayo huenda kwa kituo. Hayamfikii kemisti wa stendi. Ukiambiwa "nunua nje," umetolewa nje ya bima pia, hata kama michango yako umelipa hadi senti ya mwisho. Mgonjwa wa presha, ambaye gharama yake kubwa ni vidonge vya kila siku na si kitanda, ndiye anayehisi upungufu huu kuliko wote. Kaunti ikiingia mkataba na kemisti wachache wenye leseni kila wadi, watoe dawa kwa karatasi yenye "irudiwe" na kulipwa kwa karatasi hizo, dirisha la hospitali lingepumua. Gharama yake nani ataibeba ni mjadala wa bunge la kaunti, na ningependa kuusikia ukijadiliwa huko badala ya zile hotuba za majengo mapya.

Mpaka hapo, yapo ya kufanya nyumbani, na ni ya kawaida mno hata naona haya kuyaandika. Andika majina ya dawa, yale madogo ya chini, kwenye karatasi moja, ibandike ndani ya jalada la daftari. Ukipewa boksi lenye jina geni, muulize mwuza dawa hapo hapo, ni ipi kati ya hizi? Usingoje kidonge cha mwisho; vikibaki vya siku saba, anza safari, kwa sababu Idd, mgomo na feri kuharibika havitoi taarifa. Ramadhani ikikaribia, nenda kabla ya mwandamo ukapangiwe saa upya, hasa mwenye kutumia glibenclamide, ambayo inaweza kushusha sukari ya mfungaji kabla ya alasiri akaanguka sokoni.

Na uombe. Nilimfundisha shangazi sentensi moja, akaisema njiani kote kama mtoto wa chuo anayekariri: "Daktari, niandikie majina, na uandike irudiwe mara mbili." Aliona haya. Kwake yeye daktari haambiwi la kuandika. Lakini siku hiyo alikuwa kijana, akacheka, akamuuliza, "Nani kakufunza, bibi?" Akatafuta karatasi safi. Aliandika dawa mbili badala ya tatu, kwa sababu kwa kuziandika majina ndipo alipoona kwamba moja haikuwa na kazi tena.

Kemisti wa stendi aliigeuza karatasi ile mara mbili tatu, akaisoma mbele na nyuma, akaipiga picha. Kisha akatafuta muhuri wake ulipo.

Mwezi wa pili, siku ambayo ingekuwa ya kliniki, nilimpigia shangazi simu saa moja asubuhi. Ilichukua muda kupokewa. Nyuma yake nilisikia watoto wanaomba chenji na mtu anaita mbaazi ya hamsini.

"Sema haraka," akaniambia, "mafuta yako motoni."